Kitalu cha makumbi kwa ardhi ya mchanga Mombasa

Kwenye mchanga wa Bamburi, Kisauni au Likoni unaweza kumwagilia asubuhi, na kufika adhuhuri mchicha umelala. Maji yameshateremka, na mbolea imeteremka nayo. Kuongeza mbolea ya dukani hakusaidii sana kwa sababu ardhi yenyewe haina cha kuishikilia: mvua kubwa moja ya Mei yatosha kuipeleka chini ya mizizi. Vitu vya kuitengeneza ardhi hiyo hutupwa hapa mjini kila siku, yaani makumbi ya madafu na mabaki ya mboga za soko la Kongowea.

Kitalu hiki ni cha kuzama: unachimba shimo, unapanga makumbi, kisha unarudisha udongo uliochanganywa na mboji, yaani mabaki yaliyoozeshwa. Makumbi hukaa chini, mboji hukaa juu. Wengi huyatia makumbi ndani ya tuta la mboji, kisha wakashangaa mwaka umepita na bado ni yale yale. Nyuzi zake ni ngumu mno kuoza upesi. Ukiyazika, ugumu huo ndio faida: yatakaa ardhini miaka kadhaa yakinyonya maji na kuyaachia polepole, na potasiamu iliyomo itaifikia mimea.

Pima udongo kwanza

Chukua kiganja cha udongo mkavu, ukamulie ndimu au udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa ya matumbawe. Hapo usitie jivu hata kidogo, ijapokuwa maelezo mengi ya mboji yaliyoandikiwa watu wa bara husema utie. Jivu huongeza ukali wa chokaa, mmea ushindwe kuvuta madini ya chuma, na majani machanga yageuke manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona manjano hayo hukimbilia kuongeza samadi, na samadi haitatibu shida hiyo upesi.

Upande wa Changamwe na Mikindani, ambako udongo una mfinyanzi na hutuamisha maji, usichimbe kitalu cha kuzama. Inua tuta la kupandia.

Tuta la mboji

Mboji huchukua wiki 10 hadi 12, kwa hivyo anayetaka kupanda mvua za vuli mwezi wa Oktoba aanze Julai. Wa masika aanze Januari.

Chagua kivuli cha mwembe au mwarobaini. Kwenye jua la kaskazi tuta hukauka kabla halijaoza. Tuta liwe na mita 1 kila upande na kimo cha mita 1. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka: sentimita 15 za vitu vikavu (majani makavu, mabua, randa ya banda la kuku), halafu sentimita 7 za vitu vibichi (majani ya kabichi, maganda ya ndizi na maembe, nyasi mbichi). Kila baada ya tabaka la vitu vibichi nyunyiza nusu debe ya samadi, kisha mwagilia. Mabaki ya soko yachambue kwa mkono kabla ya kuyatia. Kamba za nailoni na vibandiko vya plastiki haviozi, na vikishaingia kitaluni utavipalilia miaka.

Matumbo ya samaki ni mazuri sana, ila yasizidi nusu debe kwa tuta zima, na yafukiwe katikati kabisa. Ukiyaweka karibu na juu, kunguru wa Mombasa watalifumua tuta kabla ya jua kuwaka, na paka watamalizia. Funika kwa makuti, ukandamize kwa mawe.

Siku ya tatu au ya nne chomeka panga hadi katikati ya tuta, ngoja dakika 5, ulichomoe na kushika bapa. Likiwa la moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, kazi inakwenda. Likiwa vuguvugu, chota kiganja ukiminye: yakitoka matone mawili matatu, maji yanatosha na kilichopungua ni vitu vibichi; yasipotoka, mwagilia. Harufu ya mkojo maana yake vibichi vimezidi, ongeza vikavu. Harufu ya uvundo maana yake tuta limelowa na halina hewa. Geuza kila wiki mwezi wa kwanza, baadaye kila wiki mbili.

Kugeuza kuna sababu nyingine huku kwetu. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga mayai kwenye takataka zinazooza. Funza wake ni mnene, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia, hujikunja nusu duara. Kila unayemwona wape kuku. Tuta lililosahauliwa nusu mwaka ni kiwanda cha chonga, na minazi ya jirani ndiyo italipa.

Kuchimba kitalu

Upana mita 1, urefu mita 3, kina sentimita 45. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine.

Makumbi yakate nusu nusu, yaloweke siku mbili na umwage yale maji ya rangi ya chai. Rudia mara moja. Yakiwa yalivundikwa baharini kwa kazi ya kamba, yaache yanyeshewe msimu mzima kwanza, maana chumvi yake itaua miche. Yapange chini tabaka moja, upande wa shimo ukitazama juu ili yashike maji. Kitalu hiki huchukua nusu 70 hadi 80. Juu yake mwaga madebe 3 ya samadi iliyooza. Usiiruke hatua hii: makumbi yakianza kuoza huvuta naitrojeni, na bila samadi mimea yako itadumaa miezi miwili ya kwanza.

Mwagilia hadi yalowe kabisa. Rudisha udongo wa chini, kisha wa juu uliochanganywa na madebe 9 ya mboji. Uso wa kitalu ubaki chini ya njia kwa sentimita 5. Tandaza majani makavu, au sindano za mvinje, ambazo haziozi haraka. Majongoo wakija, waache. Bamburi, kwenye machimbo ya matumbawe ambayo René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji ya Bamburi, alianza kuyapanda miti mwaka 1971, majongoo ndio waliozila sindano hizo za mvinje na kuzigeuza udongo.

Maji ya kisima

Kitalu kikishakaa, mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku unatosha. Kaskazi ikikaza, mmoja na nusu. Kama kisima kina munyu, mwagilia shinani, si majanini, na usinyunyize kidogo kidogo: maji hukauka na chumvi hubaki juu. Mara moja kila wiki mbili mwaga mitungi 5 kwa mpigo ili chumvi ishuke. Ukoko mweupe juu ya udongo maana yake umechelewa. Kwa maji hayo panda spinachi, mchicha na kunde. Maharagwe, karoti na vitunguu haviyawezi.

Mizizi yenye vinundu

Mchanga wenye joto ni nyumba ya minyoo ya mizizi. Mabenda (bamia) yakidumaa bila sababu, ng'oa shina moja uoshe mizizi. Ukiona vinundu vilivyovimba, usipande tena hapo mabenda, biringani wala nyanya. Usivichanganye na vinundu vidogo vya kunde: hivyo hubanduka kwa ukucha na ni vya faida. Panda marigoldi mahali hapo miezi mitatu, na mizizi iliyougua ichomwe, isiingie kwenye mboji.

Msimu wa pili usichimbue. Ongeza madebe 3 ya mboji juu, upande. Kitalu kikizama zaidi ya kipimo cha kiganja chini ya njia, makumbi yameisha. Hapo ndipo uchimbe upya.