Steki na viazi kwa kikaango kimoja, kwa anayepikia kwenye meko

Somo hili ni la wenzangu wanaopikia kwenye meko, ile gesi ya kilo sita yenye moto mmoja. Ukiwa na moto mmoja huwezi kuchemsha viazi huku na kukaanga nyama kule. Wengi hutanguliza nyama, ikapoa wakingoja viazi. Tutafanya kinyume: viazi vitatangulia, nyama itafuata kwenye kikaango kilekile, na vyote vitafika mezani vikiwa moto. Chakula hiki kinatosha watu wawili.

Kwanza tuelewane kuhusu adui wa steki, nayo ni maji. Nyama hupata rangi ya kahawia na ile harufu inayowafanya majirani waulize kuna nini pale uso wake unapofika nyuzi 140 hivi za joto. Maji hapa Nairobi, kwa kuwa tumekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Nyama ikiwa imelowa, moto wote unaishia kuyafukuza maji hayo, na uso haupandi zaidi ya hapo. Inabaki kijivu, na ukiitafuna unajua ni nyama ya kuchemsha.

Mahitaji: vipande viwili vya nyama ya ng'ombe, kila kimoja gramu 200 hadi 250, viazi vinne vya kadiri, mafuta vijiko vitatu vya mezani, siagi kijiko kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, dhania na ndimu.

Kwa bucha

Hapa ndipo steki nyingi huharibikia. Kwenye bucha zetu za mtaani, ukisema "nipe steki" utakatiwa nyama isiyo na mfupa, vipande vidogo vya mchuzi. Mwambie asiikatekate. Omba sarara, au kipande cha juu ya mguu wa nyuma karibu na kiuno, akikate kukingama nyuzi za nyama, unene wa kidole gumba. Sarara ni laini lakini haina mafuta, na ni ghali. Mimi hupenda kile cha kiunoni, chenye ukanda wa mafuta pembeni, kwa sababu kina ladha zaidi.

Muulize pia ng'ombe alichinjwa lini. Tumezoea kusifu nyama ya leo, na kwa mchuzi haina neno. Kwa steki ni tofauti. Misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kisha hulegea polepole siku zinazofuata. Nyama iliyokaa kwenye baridi siku mbili tatu hutafunika vizuri kuliko iliyoingia bucha alfajiri. Na utafute muhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Usione haya kuuliza.

Hatua ya 1: chumvi

Futa nyama kwa karatasi ya jikoni, paka chumvi pande zote, iache dakika 40. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje; baadaye maji hayo hurudi ndani yakiwa na chumvi. Ukikosa dakika 40, basi tia chumvi sekunde ile unapoiweka kikaangoni. Dakika 10 ndiyo mbaya kuliko zote, maana maji yametoka na bado hayajarudi.

Hatua ya 2: viazi

Osha, kata vipande vya ukubwa wa nusu yai, na maganda yake ukipenda. Aina ya Shangi, ambayo ndiyo imejaa sokoni, huiva haraka. Kiazi chenye rangi ya kijani kiache, kina sumu. Panga viazi kikaangoni, tia nusu kikombe cha maji, mafuta vijiko viwili na chumvi kidogo. Funika kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12. Kisu kikiingia bila kubishana, funua. Maji yatakauka na utasikia sauti ikibadilika, kutoka kutokota hadi kukaanga. Sasa viache. Usivikoroge kila mara. Geuza mara mbili tatu tu kwa dakika nane, vishike rangi. Vitoe kwenye sahani bila kuvifunika, visije vikalegea.

Hatua ya 3: nyama

Ifute tena, hata kama inaonekana kavu. Pangusa makombo ya viazi kikaangoni, tia mafuta yaliyobaki, ongeza moto hadi uone moshi mwembamba. Weka nyama. Isipolia "chwaaa", itoe ungoje. Dakika tatu upande wa kwanza bila kuigusa, tatu upande wa pili. Punguza moto, tia siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, uimwagie nyama siagi hiyo kwa kijiko kwa dakika moja. Kwa anayetaka iliyoiva kabisa, ongeza dakika tatu au nne kwa moto huo mdogo.

Hatua ya 4

Toa nyama, ipumzike dakika tano. Wakati huo rudisha viazi kikaangoni, vijipake ile siagi na ukoko wa nyama uliobaki chini. Nyunyiza pilipili manga na dhania, kamulia ndimu. Kata nyama kukingama nyuzi. Kachumbari kando inatosha.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Dada wa Umoja: Sina friji. Nitaipataje nyama laini?

Nunua siku ileile ya kupika, dada, wala usiiache nje zaidi ya saa mbili. Kwaruza papai bichi, kijiko kimoja kwa vipande viwili, paka dakika 20 kisha ufute kabisa ndipo utie chumvi. Usizidishe muda, papai hula nyuzi za nyama mpaka ikawa kama uji.

Kaka wa Kasarani: Yangu hutoa maji mengi hata nikiifuta.

Huenda umejaza kikaango. Weka kipande kimoja kimoja, na kikaango kiwe kizito. Chepesi hupoa nyama inapogusa. Kama ilitoka kwenye barafu, iyeyushe usiku kucha sehemu ya chini ya friji, si kwenye maji ya moto.

Mama wa watoto wawili, Donholm: Mume wangu akiona wekundu anasema ni damu, hataki kula. Ni salama kweli?

Mama, ule wekundu ni rangi ya misuli yenyewe; damu nyingi hutoka wakati wa kuchinja. Lakini wasiwasi wake una msingi, kwa sababu tegu wa ng'ombe, yule mnyoo wa tumboni, yupo nchini na hupitia nyama isiyoiva. Katikati ikifika nyuzi 63 na nyama ikapumzika angalau dakika tatu, umemmaliza. Kama huna kipimajoto, wapikie watoto iliyoiva kabisa. Kata ya baba katikati, mwonyeshe, na akikataa irudishe motoni dakika mbili.

Kijana wa Roysambu: Nina kikaango kile kisichoshika chakula. Kinafaa?

Kwa viazi, sana. Kwa nyama, usikiache kitupu juu ya moto mkali, maana ule utando huharibika. Afadhali sufuria nzito iliyo pana, hata kama haina mpini.

Dada wa Umoja tena: Na kama nataka rojo?

Kabla ya kurudisha viazi, mwaga robo kikombe cha maji kikaangoni, kwangua ukoko kwa mwiko, uache yatokote hadi yabaki nusu. Hapo maji ni rafiki yako, nyama imeshatoka.