Injini mpya ya nitro inagoma kuzunguka: somo la kuizoesha

Swali ni lilelile kila siku: "Mkuu, injini yangu mpya haivutiki kwa kamba ya kuwashia, nimeuziwa mbovu?" Hujauziwa mbovu. Injini nzima ya nitro (ile ndogo inayotumia mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na nitromethani na oili) hubana namna hiyo. Nayaweka yote hapa, na atakayeuliza tena nitamleta kwenye somo hili. Linahusu injini zisizo na ringi za pistoni, kama zile za ujazo wa cc 3.5 zinazofungwa kwenye magari ya rimoti ya 1/8.

1. Kaza skrubu zote. Paka oili kichujio cha hewa (ea klina).

2. Tumia mafuta yale utakayoendelea nayo. Ukibadili asilimia ya nitro au oili, unarekebisha kabureta upya.

3. Weka skrubu za kabureta kama kitabu cha injini kinavyosema.

4. Ipashe joto kabla ya kuwasha. Hapa ndipo injini nyingi zinapouawa, kwa hiyo soma polepole. Pistoni ni ya alumini, slivu (bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka) ni ya brasi iliyopakwa kromiamu, na slivu hiyo imebanwa sehemu ya juu kwa makusudi. Ikiwa baridi, pistoni inanasa ikifika juu. Ikipata moto, slivu inatanuka kuliko pistoni, nafasi inapatikana. Ukilazimisha ikiwa baridi, pistoni inakwanguka na koneksheni rodi inaumia. Elekeza draya ya nywele kwenye kichwa cha injini mpaka kifike nyuzi 70 hivi.

USIIENDESHE IKIWA BARIDI. Wapo wanaofungulia mafuta tele, moshi mzito, kichwa kiko nyuzi 60, wakiamini wanailinda. Ule mbano ndio kompresheni yako, nao unasagika kabla injini haijaanza kazi. Tangi la kwanza liwe na moshi unaoonekana, lakini kichwa kiwe nyuzi 90 hadi 105. Joto halipandi? Funika kichwa kwa karatasi ya alumini. Usipunguze mafuta.

5. Tangi mbili za mwanzo endesha taratibu, ukipandisha na kushusha mwendo. Usishikilie mwendo mmoja.

6. Zima kabla tangi halijakauka, maana mafuta yakikaribia kwisha injini inapata hewa nyingi na kuungua. Ziba ekzosi kwa kitambaa kinene. Kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) mpaka pistoni iwe chini kabisa, ndipo uiache ipoe. Ikipoa pistoni iko juu, slivu inaikaba.

7. Kuanzia tangi la tatu, kaza skrubu ya kabureta ya mwendo wa juu kidogo kidogo, 1/12 ya mzunguko kila mara. Moshi usipotee.

Maswali

Boi wa Rimoti: Kamba haivutiki, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 4.

Boi wa Rimoti: Nimeshaizungusha kwa koleo.

Jibu: Nimeandika usilazimishe. Fungua kichwa uangalie slivu. Ikiwa na mikwaruzo ya kusimama, somo haliwezi kukusaidia.

Mama Kabureta: Kaka, yangu ilikuwa inavutika vizuri, nikavuta sana bila kuwaka, sasa imekwama ghafla. Ni mbano uleule?

Jibu: Swali zuri, dada. Huo si mbano, ni mafuta yaliyojaa juu ya pistoni, na kimiminika hakishindiliki. Toa plagi, pindua gari, vuta kamba polepole yatoke. Ukikazana plagi ikiwa ndani, rodi inapinda. Kabla ya kurudisha plagi, iunganishe na betri yake uone waya unawaka rangi ya chungwa.

Tanga Nitro: Kwa nini beringi zangu zinashika kutu wakati mafuta yana oili?

Jibu: Kwa sababu ya methanoli. Inanyonya unyevu wa hewani, na huko pwani unyevu haukosi. Mwisho wa siku mwaga tangi, washa mpaka mafuta yaliyobaki kwenye mipira ya mafuta yaishe, dondoshea oili kwenye kabureta na tundu la plagi, kisha zungusha. Kopo la mafuta nalo lifungwe kila mara.

Mzee wa Vumbi: Uwanjani hakuna umeme wa draya. Mimi nabeba chupa ya chai yenye maji ya moto, namimina kwenye mfuko mgumu wa plastiki, nauzungushia kichwa cha injini.

Jibu: Asante mzee, hiyo naichukua. Hakikisha mfuko hauvuji karibu na kabureta. Na jamani, methanoli ni sumu, msiinyonye kwa mdomo kwenye mpira. Ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani; ukihisi joto pasipo na moto, rudi nyuma kwanza.