Somo: Kutembea Devil's Dyke, kutoka kinamasi cha Reach hadi vilima vya chaki

Miaka yangu miwili ya mwanzo hapa Cambridge nilikuwa nafika kwenye geti la shamba, naiona ngano imesimama hadi kiunoni, nageuka narudi. Nyumbani hukatizi shamba la mtu bila kupiga hodi. Kisha jirani yangu, mzee wa makamo, akanishika mkono akanionyesha kibao kidogo cha mviringo kilichogongomelewa nguzoni, mshale wa njano. Hiyo ni njia ya umma. Mwenye shamba anamiliki udongo, lakini haki ya kupita ni yako na yangu, iwe una pasipoti ya hapa au huna. Ninaandika somo hili kwa wanachama wa kikundi chetu kwa sababu najua wengi wetu bado tunageukia getini.

Nimechagua Devil's Dyke kwa sababu ndani ya siku moja unatoka kwenye nyanda zilizokaushwa za Fens, ukaishia juu ya vilima vya chaki. Ni tuta la udongo la Waanglo-Saksoni, lenye urefu wa kilomita 12 hivi, limenyooka kama limepimwa kwa kamba. Handaki lake liko upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo walioliinua walikuwa wanamtazamia adui kutoka upande huo. Mahali lilipoinuka zaidi, ukisimama ndani ya handaki, kilele kiko mita 10 hivi juu ya kichwa chako. Kazi yote hiyo ni ya majembe na vikapu.

Hatua ya 1: Ramani

Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la hapa, aina ya Explorer. Kwa njia hii unahitaji namba 226 (Ely na Newmarket) na namba 210 (Newmarket na Haverhill). Simu nayo ibebe, lakini betri huisha upesi kwenye baridi. Katika ramani hizi sentimita 4 ni kilomita 1, na vistari vya kijani vilivyokatika ndizo njia za umma. Vifupi ni njia ya miguu, virefu ni njia ya farasi na baiskeli pia. Chukua uzi wa kushonea, ulaze juu ya njia ukifuata kila kona, kisha uupime kwa rula. Gawa kwa 4, umepata kilomita. Mimi hukadiria kilomita 4 kwa saa ardhi ikiwa kavu, 3 kukiwa na tope.

Hatua ya 2: Soma udongo kabla ya kuchagua viatu

Hapa naomba mtulie nami kidogo, maana wengi huangalia mvua tu na kusahau kinachokanyagwa.

Chaki ni mwamba mweupe, laini, uliotokana na maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini, enzi za dinosaria. Ukiusugua kwa kidole unabaki na unga mweupe. Mvua huzama ndani yake kama ndani ya sifongo, ndiyo maana juu ya vilima huoni vijito. Maji hayo hutokeza chini ya kilima, safi na baridi, kama pale Nine Wells karibu na Great Shelford, ambako kati ya mwaka 1610 na 1614 yalichimbiwa mfereji kuyafikisha mjini Cambridge. Chaki hukauka haraka, lakini ikilowa juu juu inateleza kama sabuni iliyoachwa kwenye beseni. Buti zenye meno kwenye soli ni lazima.

Mfinyanzi ndio unaochosha. Unaganda chini ya buti tabaka juu ya tabaka hadi mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali. Utaukuta mwisho wa njia, karibu na Woodditton. Ukate kwa kijiti kila baada ya muda, usisubiri.

Kisha kuna mboji nyeusi ya Fens, udongo wa mimea iliyooza. Eneo hili lilikuwa kinamasi cha matete na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, na jina lenyewe la mji wa Ely linatokana na mikunga hao. Karne ya 17 mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden aliongoza kazi ya kuyakausha maji. Mboji ikikosa maji hunywea na kuliwa na hewa, ardhi ikashuka. Kule Holme Fen, mwaka 1851, nguzo ya chuma ilizikwa hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo imechomoza mita 4 hivi. Ndiyo maana ukitembea kingo za mito ya huku unaona jambo la ajabu: mto uko juu, mashamba na mapaa ya nyumba yako chini yako.

Hatua ya 3: Begi

Maji lita moja na nusu, maana juu ya tuta hakuna bomba. Koti la mvua hata jua likiwaka, soksi za akiba, tochi, na chakula kinachoshibisha. Mimi hubeba chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha, na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Anzia kijiji cha Reach, uwanja wa Fair Green. Kijiji hiki kidogo kilikuwa bandari. Mashua zilifika kwa mfereji wa Reach Lode, na gulio lake lilipewa hati na Mfalme John mwaka 1201. Tuta linaanzia hapo hapo uwanjani. Panda, geuka nyuma utazame: upande wa kaskazini nchi yote ni bapa na nyeusi. Ukifika kiangazi utamsikia kipozamataza akiimba juu kabisa huku humwoni.

Kutoka hapo huwezi kupotea, fuata mgongo wa tuta. Utashuka na kupanda tena kwenye pengo la reli ya zamani, utavuka barabara ya Burwell, na baadaye barabara kuu ya A14 kwa daraja la waenda kwa miguu. Kisha utapita katikati ya viwanja vya mbio za farasi vya Newmarket. Majani hapa ni mafupi na maua ni mengi, hata okidi, kwa sababu chaki haina rutuba na nyasi kubwa hazipati nguvu ya kuyafunika. Usichume hata moja.

Ukichoka, kwenye barabara ya A1304 geuka kushoto uingie mjini Newmarket, kuna treni. Mwenye nguvu aendelee. Kuanzia hapo miti inafunga juu ya kichwa na njia inakuwa na mizizi, basi angalia mguu. Kwa kurudi, kutoka eneo la Stetchworth unaweza kutembea hadi stesheni ya Dullingham. Pata ratiba ya treni na basi kabla ya kutoka nyumbani, hasa Jumapili.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Peterborough: Na nikikuta mkulima ameilima njia, nifanye nini?

Dada, pita pale pale ramani inapoonyesha, usizunguke shamba. Sheria inamruhusu kulima njia inayokatiza katikati ya shamba, lakini anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14, upana usiopungua mita 1. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Ukikuta imefungwa, piga picha, andika mahali, uwaarifu halmashauri ya kaunti. Geti liache kama ulivyolikuta.

Kijana wa Luton: Shikamoo mwalimu. Nawaogopa ng'ombe wa huku, ni wakubwa.

Marahaba mwanangu. Kuogopa si vibaya. Hatari ni ng'ombe mwenye ndama, na zaidi ukiwa na mbwa. Zunguka mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Wakikufuata, usikimbie, tembea polepole kuelekea getini. Kama mbwa wako yuko kwenye kamba nao wanakuja kwa kasi, mwachie, atajiokoa mwenyewe.

Mama wa Cambridge: Mama yangu amekuja kutoka Tanga, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Kuna njia yake?

Mpeleke Wicken Fen, dada yangu, na umpe shikamoo yangu. Kuna njia tambarare iliyoinuliwa inayopita juu ya matete, fupi, na ataona kinu cha upepo cha mbao cha kuvutia maji, na pengine farasi wadogo wa Konik wakila majani. National Trust, shirika la uhifadhi, walinunua kipande cha kwanza mwaka 1899, na hivyo ndivyo Fens ilivyokuwa kabla ya kukaushwa. Asiye mwanachama wa shirika hilo hulipa kiingilio.

Kaka wa Birmingham: Tukienda Desemba, adhuhuri na alasiri zitatukuta njiani.

Zitakukuta zote mbili, kaka, na magharibi nayo iko karibu, maana Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima tunajisahau hapo. Ondoka Reach si zaidi ya saa tatu asubuhi. Beba chupa ya pili ya maji kwa udhu, na dira: kibla kiko kusini-mashariki, na tuta lenyewe linaelekea huko huko. Sisi husali ndani ya handaki, upepo haufiki.

Dada wa Peterborough tena: Na kupe?

Wapo, kuanzia machipuko hadi vuli. Ingiza suruali ndani ya soksi. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, na watoto uwaangalie nyweleni. Ukimkuta, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu bila kumminya. Ukiona duara jekundu linatanuka wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa majanini.