Somo: Namna ya kupata mahali pa kambi kwa vijana na familia, Dodoma na jirani zake

Likizo ya Juni ndiyo msimu wetu. Mvua zimekatika, barabara za vumbi zinapitika na mbu wamepungua. Kambi ya hema mwezi Desemba siishauri kwa watoto, maana ndipo mvua zinapoanza.

Hatua ya 1: Anza kwa wenye eneo. Pori lina mwenyewe hata kama hakuna nyumba. Ardhi ya kijiji, nenda kwa mtendaji na mwenyekiti ukiwa na barua yenye tarehe, idadi ya watoto na namba ya simu ya kiongozi. Msitu wa hifadhi wa serikali, uliza TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukiwapeleka Kolo kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ripoti kwanza ofisi ya kituo hicho upewe mwongozaji. Pori la akiba kama Swagaswaga lina wanyama wakali. Kwa watoto wadogo mimi naliacha.

Mkiwa na mtendaji, mwulizeni pia ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa maji. Kundi likipita katikati ya mahema alfajiri, ni hatari.

Hatua ya 2: Kagua mwenyewe saa nane mchana. Asubuhi kila mahali panapendeza. Saa nane ndipo utajua kama kivuli kinatosha watoto wote. Mkwaju ni mti mzuri sana. Chini ya mbuyu msilale: mashimo yake mara nyingi yana nyuki, na matunda na matawi huanguka.

Hatua ya 3: Likimbieni korongo. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mchanga wa korongo ni mweupe, laini na tambarare, na watoto wataupenda. Lakini mito yetu mingi, Kinyasungwe ukiwamo, ni ya msimu. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kishindo hata kama juu yenu hakuna wingu. Reli ya kati pale Gulwe imesombwa na maji mara kadhaa, sembuse hema. Angalieni majani makavu na takataka zilizonasa vichakani: maji yalifika pale. Pandeni juu zaidi ya hapo, kiangazi na masika.

Hatua ya 4: Maji na choo. Mimi hupanga dumu la lita 20 kwa kila mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Visima vingi huku vina maji ya chumvi, kwa hiyo yaonjeni kabla ya kulipia eneo. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, cha wasichana mbali na cha wavulana, na njia yake iwe na taa usiku.

Hatua ya 5: Njia ya kutokea. Gari lifike hadi kambini. Jueni zahanati ipi ina mhudumu usiku, na simu inashika wapi.

Maswali ya wanachama

*Mlezi wa vijana wa kanisa, Kikuyu, Dodoma mjini:* Shikamoo mwalimu. Vijana wanataka Hombolo waogelee bwawani. Tuwaruhusu?

Marahaba. Kambi sawa, kuogelea hapana. Maji yaliyotuama huwa na konokono wanaoeneza kichocho. Na bwawa la Mtera msiende kabisa kwa ajili ya kuoga, kuna mamba na viboko.

*Mama wa watoto watatu, Nzuguni:* Julai watoto hawataumwa na baridi?

Dada, usiku wa Julai Dodoma joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na upepo unazidisha. Upepo wetu hutoka kusini mashariki, hivyo chagua penye mwamba au kichaka upande huo na mlango wa hema uelekee kwingine. Tandika mkeka na turubai chini kabla ya godoro, kwa sababu baridi ya ardhini ndiyo inayowaamsha watoto usiku.

*Kaka wa skauti, Singida mjini:* Kwetu miamba mikubwa ni mingi. Tunaweza kupiga hema katikati yake?

Pembeni, ndiyo, kwa kukinga upepo. Kwenye nyufa zake hujificha nge na nyoka, kwa hiyo acheni hatua kadhaa kati ya mwamba na hema. Watoto wasiingize mikono chini ya mawe, wavae viatu wakitoka usiku, na asubuhi wavikung'ute kabla ya kuvaa.