Tazama rangi ya mshale kabla ya kupanda North Hill
Ukienda kutembea North Hill, kilima chenye msitu juu ya mji wa pwani wa Minehead nchini Uingereza, tazama kwanza rangi ya mshale kwenye nguzo, kwani wa manjano huonyesha njia ya waenda kwa miguu peke yao, ilhali wa buluu huonyesha njia ambayo wapanda farasi na, tangu sheria ya mwaka 1968, waendesha baiskeli pia huruhusiwa kuipita. Penye kona chini ya miti usitegemee macho pekee. Ukisikia kwato nyuma yako, simama pembeni na umsalimu mpandaji kwa sauti ya kawaida, maana farasi humwogopa zaidi mtu aliyenyamaza kichakani. Mbwa, ikiwa unaye, mshike kwa kamba fupi.