Breki ya ghafla: zoezi la wanaboda wazoefu Kisumu

Mwanaboda mzoefu wa Kisumu huikanyaga breki ya nyuma na kuiogopa ya mbele. Tabia hiyo ndiyo ya kuvunja kwanza. Ukifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la nyuma hubaki jepesi na kuteleza upesi.

Tafuta uwanja mkavu wa lami usio na magari. Pima upepo wa matairi na ulegevu wa cheni kwanza. Panga chupa nne zilizojaa mchanga kama lango la kuanzia kufunga breki.

Anza na kilomita 20 kwa saa, bila abiria. Kwenye lango achia mafuta, shika klachi, bana breki ya mbele polepole hadi uhisi shoki zimelala, kisha ongeza nguvu. Kuinyakua kwa mpigo hufunga tairi kabla uzito haujafika mbele. Likifunga, achia mara moja ubane upya. La nyuma likiteleza ukiwa umenyooka, legeza kidogo breki ya nyuma. Mkia ukishaenda upande usiachie ghafla, maana tairi likishika tena litakurusha.

Macho mbele, si kwenye gurudumu.

Panda hadi 30, kisha 40. Kwa 40 umbali wa kusimama tangu ubane breki ni mara nne ya ule wa 20, na sekunde moja ya kushtuka pekee hula mita 11. Rudia na abiria mwenye helmeti, kwa 20 tu. Mvua za alasiri zikianza, bana taratibu zaidi. Kwenye murram, zaidi hata ya hapo.