Jua joto lako kabla hujaanza kukimbia

Kwenye klabu yetu ya jogging hapa Dar, mtu akimaliza mbio utasikia: "Kocha, hebu niguse, nina homa?" Kiganja changu kimetoka kukimbia vilevile, kitajua nini? Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa, kila mtu na chake.

Anza na joto la mapumziko. Pima asubuhi ukiwa bado kitandani, pima tena jioni ukiwa umetulia, uandike. Asubuhi unaweza kukuta 36.3, jioni 36.9. Hujaugua, mwili hupoa zaidi alfajiri na kupanda kuanzia alasiri. Dada zangu, andikeni na tarehe za hedhi, maana yai likishatoka joto la asubuhi hupanda kidogo, kama 0.3 hivi, na kubaki huko mpaka hedhi inayofuata ikikaribia.

Ncha ikae chini ya ulimi, kwa nyuma pembeni. Funga mdomo, pumua kwa pua mpaka kilie. Kama umetoka kunywa chai au maji baridi, subiri nusu saa.

Baada ya mazoezi ndipo vipimo vinapodanganya. Unahema kwa mdomo, umeshagida chupa ya maji, kipimajoto kinasoma 36 wakati ndani umefika 38.5 au hata 39. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso usikiamini kabisa saa hiyo, kwa sababu jasho limeshapoza ngozi. Na hiyo 39 ya mkimbiaji siyo homa: sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli huishia kuwa joto. Kunywa maji, kaa kivulini, pima baada ya saa nzima. Ikiwa bado imezidi 38, nenda kapime malaria.

Februari nawatoa watu kabla jua halijachomoza, na bado nawapunguzia mwendo. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho linadondoka tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Mwenzako akianza kuyumba au kuongea hovyo, achana na kipimajoto. Mpeleke kivulini, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na mmoja wenu atafute gari la kumkimbiza hospitali. Maji ya kunywa asipewe kama hajitambui.